Ufunguo wa Kumi na Mbili

Wiki ya mwisho nilirudisha funguo kumi na moja,
mlango kwa mlango, vijiji vya mawe juu ya mto Tua,
kila mmoja na kipande chake cha plasta
nilichokiandika jina kwa kalamu ya bluu:
Hermínia. Abílio. Dada wawili wa kinuni.
Wa kumi na mbili ulikosa wa kumpa.
Nyumba ya Zulmira imefungwa tangu Februari,
mwanawe yuko Luxemburg, hapokei simu,
na paka amehamia kwa padri.

Miaka kumi na tisa, gari dogo jeupe,
sanduku la bandeji kiti cha mbele, limefungwa mkanda
kama abiria mwenye heshima zake.
Nilijua mbwa yupi huuma na yupi hutisha tu.
Nilijua presha ya Abílio kabla ya kushika kipimo,
kwa jinsi alivyokosea vifungo vya shati.
Hermínia alinionyesha kisanduku cha vidonge, tupu, safi:
"Nimemeza vyote, binti."
Nikatoka uani nikawakuta kuku
wanasinzia saa nne asubuhi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilikuja. Kila Jumanne, kila Ijumaa,
na theluji ilipoziba barabara nilikuja kwa miguu.
Wenyeji hawakupona.
Walikufa wasafi, kucha zimekatwa,
na kulikuwa na mtu wa kuwaita kwa majina.
Sijui takwimu hulipa hilo jina gani.

Sasa nina ofisi. Dirisha linatazama maegesho.
Nina kadi yenye picha yangu, inafungua milango
bila kuuliza kama ndani kuna mtu.
Wananiita Profesa, nami nageuka nyuma
kumtafuta anayeitwa.

Jumatatu, somo la kwanza, wanafunzi hamsini na wawili.
Slaidi ya kumi na nne: utunzaji wa kidonda cha mguu.
Mguu ule haukuwa na mtu,
picha ilikatwa juu kidogo ya kifundo.
Nikaitafuta soksi, ile ya sufi
aliyoifuma marehemu mkewe Abílio,
aliyokataa katakata niitupe,
niliyoifua miaka minne kwenye beseni moja
huku yeye akinisimamia, asije akaipoteza.
Nikanyamaza. Projekta ikawa inanguruma peke yake.
Msichana wa safu ya tatu, Iolanda, akanyosha mkono:
"Hii itatoka kwenye mtihani?"

Nikautoa mfukoni, ule wa Zulmira,
wa chuma, mrefu kama kidole cha shahada,
nikaupitisha mkono kwa mkono.
"Huu unafungua," nikasema, "na ndiyo sababu msianze nao.
Simameni nje. Pigeni hodi.
Subirini muda wa mtu mwenye nyonga mbovu
kutoka jikoni hadi mlangoni,
ongezeni muda wa kuficha chupa,
ongezeni muda wa kuvaa meno.
Hesabuni mpaka mia.
Wengi wenu mtachoka mkifika thelathini."

Wachache waliandika. Mmoja aliandika "100" tu,
akaizungushia duara.
Kijana mrefu wa nyuma, Evaristo,
aliushika ufunguo kuliko wenzake, akaunusa:
moshi wa kuni, mafuta ya nguruwe.
"Nyanya yangu..." akaanza,
kisha akaupitisha kwa jirani.

Chuoni hakuna kengele, watu huinuka tu.
Ufunguo ulinirudia una joto
la viganja nisivyojua bado vya nani.
Sikulijibu swali la Iolanda.
Mtihani nitautunga mwezi Januari, na sijui
nitaulizaje juu ya wale kuku.

Jana, mikono imejaa makaratasi,
nilijikuta nabisha mlango wa ofisi yangu mwenyewe
na kusubiri.
Nilifika arobaini.